Fahali Kwenye Kiwanja cha Ndege

Wale mliokuwa mkiuliza wiki nzima kama fahali ameinuka, hajainuka. Bado amelala palepale, katikati ya kiwanja cha ndege cha Nakasanga, anacheua taratibu kama mgeni aliyekwisha kulipiwa chumba.

Juu yake ndege inazunguka. Ndani ya ndege mna daktari wa macho. Na chini, pembezoni mwa kiwanja, amesimama Gwamaka, katibu wa kikundi cha Ishuke Salama, bendera nyekundu mkononi, jasho likimtiririka mpaka ndani ya viatu.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Ishuke Salama ni wanakijiji wa bonde la Momba waliojitolea kukitunza kiwanja kile baada ya wakubwa kusema fungu hakuna, kila kijiji kijitegemee. Wanafyeka majani, wanafukia mashimo, wanapaka chokaa mawe ya pembeni, wanafukuza mifugo. Malipo yao ni kuambiwa asante, nayo huchelewa. Mwaka ule wa mvua za El Nino barabara ya kwenda Tunduma ilikatika vipande, na daktari hakubakiwa na njia nyingine ila ya angani.

Hatua chache kutoka kwa Gwamaka alisimama Mzee Jilala, mfugaji mwenye zizi kubwa kuliko yote upande ule wa mto. Amekunja mikono kifuani, anatazama mawingu.

"Mzee Jilala," Gwamaka akasema, kwa adabu yote aliyolelewa nayo huko milima ya Ileje, "naomba umwondoe fahali wako."

"Fahali gani?"

"Yule pale."

Mzee Jilala akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kule na huku, akachukua muda wake. "Ahaa, yule. Yule si wangu."

Hapo ndipo penye utamu. Kanuni ya Ishuke Salama ilikuwa fupi: mwenye mnyama atakayekutwa kiwanjani ataungana na akina mama kufyeka majani mpaka mvua zikatike. Na Mzee Jilala, mtu wa heshima zake, mwenye fimbo ya mpingo na kofia ya manyoya, hakuwa tayari kuonekana ameinama na fyekeo katikati ya akina mama wanaoimba.

Gwamaka naye alikuwa na shida yake. Mzee huyo ndiye baba yake Shani. Na Shani ndiye aliyemfanya kijana yule, aliyeteremka bondeni kununua mpunga na kurudi zake Isongole, asahau kabisa njia ya kurudi. Utamkaripiaje mtu ambaye usiku unaota unamwita baba mkwe?

Ndege ikapita tena, chini zaidi. Rubani alikuwa ametoa mkono dirishani. Mkono ule haukuwa wa salamu.

"Anasema mafuta yanakwisha," alisema Mama Tumpe, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa akija mbiombio huku akijifunga kitenge upya. "Akizunguka mara nyingine mbili tatu atarudi Mbeya, na akirudi Mbeya tutamwona mwakani. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Mzee Jilala anasema si wake," Gwamaka akajibu.

Mama Tumpe akamtazama mzee, akamtazama fahali, akatabasamu. Waliomjua walijua tabasamu lile si la kuchezea.

"Basi Mungu ametukumbuka," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wageni wanakuja, mboga hatuna, na ng'ombe asiye na mwenyewe amejileta. Akina mama, nani ana kisu kikali?"

Visu vikapatikana upesi ajabu. Mzee Jilala akarudisha macho mawinguni.

Kwenye foleni ya wagonjwa, mbele kabisa, juu ya kigoda, alikaa Bibi Mbuke, mama yake mzazi mzee huyo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Kwa miaka mingi alitembea kwa kushika mkono wa mjukuu wake Shani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji, kama daktari angetua.

"Jilala," bibi akaita. "Nasikia ndege inazunguka tu. Kuna nini?"

"Kuna ng'ombe njiani, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wa nani?"

Mzee Jilala, ambaye angeweza kuudanganya mkutano mzima wa kijiji, hakuweza kumdanganya mama yake. Akatazama chini, akaigeuza kofia mikononi.

Kabla hajapata la kusema, Shani alijitokeza kutoka nyuma ya bibi yake. Hakumtazama baba, hakumtazama Gwamaka. Akatembea moja kwa moja mpaka kiwanjani, akakunjua kiganja kilichokuwa na chumvi.

"Kwacha," akaita kwa upole. "Kwacha, njoo."

Fahali akainua kichwa. Akanyanyua makalio kwanza, kisha mbele, akajikung'uta, akamfuata binti yule kama mbwa wa nyumbani, akilamba chumvi kila hatua.

Kicheko kikaenda kiwanja kizima. Akina mama walishikana mabega wasianguke.

"Si wake," akasema mmoja, "ila binti yake anamjua kwa jina."

"Na fahali anaijua chumvi ya nyumba ile," akadakia mwingine.

Gwamaka hakucheka. Alibadilisha bendera haraka, nyekundu chini, nyeupe juu, na rubani akaiona, akaanza kujipanga upande wa mashariki. Ndipo Mzee Jilala aliposema maneno ambayo kijana yule hakuyatarajia hata kidogo.

"Chekeni. Lakini mimi sikusema uongo. Nilisema si wangu, na si wangu. Huyu ni wa Sadock, mfanyabiashara wa Tunduma. Amemleta kubisha hodi."

Kicheko kikakatika. Pale Nakasanga hakuna asiyejua maana ya mtu kuleta fahali kubisha hodi kwenye nyumba yenye binti.

Mkono wa Gwamaka ukaanza kushuka wenyewe, na bendera nyeupe pamoja nao. Mama Tumpe akaudaka kiwikoni, akausukuma juu.

"Inua hiyo bendera, katibu," akamnong'oneza. "Utalia baadaye. Sasa hivi kuna watu angani."

Akainua. Ndege ikashuka, ikagusa ardhi, ikadunda kidogo, ikakimbia vizuri katikati ya mawe meupe. Watu wakapiga makofi. Gwamaka alisimama kama mlingoti, anamtazama Shani aliyekuwa upande wa pili ameshika shingo ya fahali. Shani naye akamtazama, akatikisa kichwa mara moja tu, polepole. Alikuwa anasema nini? Kwamba si kweli, au kwamba mambo yameharibika? Gwamaka hakujua, na hakupewa muda wa kujua.

Kwa maana ndege ilipokaribia mwisho wa kiwanja, gurudumu la kushoto lilizama. Halikuzama sana, ila lilizama vya kutosha. Bawa likainama, mkia ukapinda pembeni, na ndege nzima ikatulia imeegemea upande mmoja.

Watu wakakimbia. Mlango ukafunguka, akatoka Daktari Anastazia, mwanamke mfupi mwenye miwani, amekumbatia sanduku la vifaa kama mtoto. Nyuma yake akatoka rubani, Rubeni, akalitazama gurudumu, akakaa chini kwenye majani.

"Niko salama," daktari akasema. "Vifaa viko salama. Wagonjwa wako wapi?"

Lakini Mzee Jilala hakuwa na haraka ya wagonjwa. Alikuwa amefika kwenye shimo, ameinama, anachota udongo laini kwa vidole na kuupukutisha. Na uso wake, uliokuwa umejikunja tangu asubuhi, ukaanza kufunguka kama mlango wa duka.

"Mwenyekiti," akaita. "Nasikia kila mwanakikundi ana kipande chake cha kufukia. Kipande hiki ni cha nani?"

Mama Tumpe akageuka kutazama mawe ya chokaa. Alijua. Kila mtu alijua.

Kipande kile kilikuwa cha Gwamaka. Alhamisi iliyopita alikuwa afukie lile shimo la mchwa kwa changarawe na kulishindilia. Alimwaga udongo juu juu, akausawazisha kwa ndara, akajiambia atamalizia kesho. Kesho mvua ilinyesha. Na Alhamisi yenyewe alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Sasa, msomaji, angeweza kusingizia mvua. Wengine tungesingizia mvua.

"Changu," Gwamaka akasema.

"Sikusikia vizuri."

"Ni kipande changu, Mzee. Sikukifukia kama ilivyotakiwa. Kosa ni langu."

"Na Alhamisi ulikuwa wapi, katibu?"

Gwamaka akaanza kuikunja bendera yake. Shani akaanza kumkagua fahali masikio, kwa umakini ambao fahali mwenyewe aliushangaa.

"Basi inatosha," Mama Tumpe akaingilia. "Hukumu ni moja kwa wote. Mwenye zizi alimolala mnyama ndiye mwenye mnyama, awe amenunua, awe amebishiwa hodi. Mzee Jilala utafyeka. Katibu utafyeka. Na mtafyeka kipande kimoja, bega kwa bega, mpaka mvua zikatike."

Wawili wale wakatazamana. Hakuna aliyeifurahia hukumu ile, lakini kila mmoja aliona raha kidogo kwa sababu ya mwenzake.

"Ndege kwanza itolewe," Rubeni akasema akiwa bado chini. "Kijiji hiki kina trekta?"

Hakuna trekta. Lililokuwepo lilikwama barabarani tangu mvua za kwanza. Vijana wakasukuma ndege, gurudumu likazidi kuzama. Wakachimba mbele ya gurudumu, tope likarudi. Hatimaye macho yote, moja baada ya jingine, yakamgeukia mzee mwenye zizi kubwa.

Mzee Jilala alikuwa tayari ameona. Aliacha waombe kidogo. Alikohoa, akarekebisha kofia.

"Maksai ninao," akasema. "Hao ni wangu. Hilo silikani."

Wakaletwa maksai wa kulimia na nira zao. Minyororo ikafungwa kwenye miguu ya ndege huku Rubeni akizunguka na mikono kichwani.

"Polepole, baba. Hiyo si plau. Ukivuta kama plau utabaki na magurudumu na mimi nitabaki na kiti."

"Kijana," Mzee Jilala akamjibu, "ng'ombe hawa wamevuta lori la mahindi mtoni. Wewe kaa mbali na uombe."

Akaita maksai wake kwa majina, akapiga mluzi, akaingia yeye mwenyewe topeni mpaka magotini, akiwashika pembe na kuwasemesha Kisukuma. Gwamaka alikuwa chini ya bawa, bega lake likilisukuma, tope mpaka nyusi. Gurudumu likatikisika. Likapanda, likarudi. Likapanda tena, na safari hii likapanda lote, na ndege ikasogea mbele kwenye ardhi ngumu taratibu kabisa, ikivutwa na ng'ombe.

Rubeni alisema baadaye kwamba amerusha ndege nchi kadhaa, na jambo lile hatalisimulia popote maana hataaminiwa.

Upasuaji ulifanyika mchana uleule kwenye darasa la shule. Tatizo likawa lugha. Wazee wa kifugaji waliokuja hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na Daktari Anastazia hakujua Kisukuma hata salamu. Shani akaingia kutafsiri. Akatafsiri "usipepese" na "usiogope", akawashika wazee mikono, akajifunza mahali pa kuweka pamba, na kufikia jioni alikuwa anampa daktari kifaa kabla hajaombwa.

"Huyu binti ni wa nani?" daktari akauliza.

Safari hii Mzee Jilala alijibu haraka. "Ni wangu."

Asubuhi iliyofuata bandeji zikafunguliwa. Bibi Mbuke alikuwa wa kwanza. Watu wakasogea karibu pale nje ya darasa. Bibi akafumbua jicho lililofanyiwa upasuaji, akalifumba, akalifumbua tena. Chozi likashuka, daktari akalipangusa.

Bibi akamtazama mtu mkubwa aliyepiga magoti mbele yake, kofia mkononi.

"Jilala?"

"Ndiyo, mayu."

"Umezeeka," bibi akasema. "Nilikuacha kijana."

Mzee Jilala alicheka na kulia kwa pamoja, hakujificha. Bibi akamvuta Shani, akaupapasa uso wake kwa vidole kama alivyozoea, kisha akakumbuka, akatoa vidole na kuutazama kwa macho. Akautazama muda mrefu. Hata Rubeni aliinamisha kichwa.

Ndipo Gwamaka, aliyesimama nyuma na ndoo ya maji, akasema, "Shikamoo, bibi. Pole na kazi ya jana."

Bibi akageuka upesi. "Marahaba. Sauti hiyo naijua. Njoo hapa nikuone. Huyu ndiye kijana wa Alhamisi, anayeniletea kuni, halafu anakaa mpaka moto unazimika."

Gwamaka akaishusha ndoo chini.

"Kuni," Mzee Jilala akarudia polepole. "Alhamisi."

"Kuni nzuri, kavu," bibi akaendelea bila wasiwasi. "Ila nilishangaa. Anamletea kuni mzee, anaongea na mjukuu."

Akina mama wa Ishuke Salama wakagundua wote kwa pamoja kwamba kuna mawe yanahitaji chokaa, wakaanza kuondoka wakiwa wameziba midomo kwa vitenge. Gwamaka angefurahi kama shimo lile la mchwa lingekuwa bado wazi, ajitose.

Lakini Mzee Jilala hakupata nafasi ya kusema aliyokuwa nayo, maana Daktari Anastazia alikuwa anaangalia mawingu.

"Mvua inakuja. Lazima turuke sasa," akasema. "Mzee, nina ombi. Wagonjwa hawa watahitaji mtu wa kuwaangalia mpaka nirudi, na wako wengine wengi ng'ambo ya mto ambao sikuwafikia. Hospitali yetu Mbeya inafundisha wasaidizi wa macho. Binti yako ana mkono mtulivu. Kiti kimoja kwenye ndege kiko wazi. Atarudi mvua zikikatika."

"Binti wa kuolewa haruki angani," Mzee Jilala akajibu. "Kuna watu wamebisha hodi."

"Mimi hawakunibishia," Shani akasema. Hakupandisha sauti. "Fahali alikuja nikiwa kisimani. Nilimpa chumvi kwa sababu ni mnyama, hana kosa. Lakini hakuna aliyeniuliza, baba."

Mzee akamgeukia mama yake, kama watu wazima wanavyofanya wakishindwa. Bibi Mbuke alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, anaugeuza huku na huku.

"Mtoto huyu ameniongoza mpaka kwenye mlango wa daktari," bibi akasema. "Ng'ambo kule wako wenzangu ambao hawana wa kuwashika mkono. Mimi sasa nitajitembeza."

Mzee Jilala akaivaa tena kofia yake. Kisha akasema, "Sijasema ndiyo."

"Hujasema hapana, baba," Shani akajibu, akapiga magoti kumuaga.

Alitoka na kanga mbili tu na ndara zake. Alipopita kwa Gwamaka, aliyekuwa ameshachukua bendera zake na kusimama mahali pa katibu, akapunguza mwendo.

"Fahali sikumtaka," akasema.

"Nimesikia."

"Na wewe? Utarudi Isongole?"

Gwamaka alikuwa ameandaa maneno mengi usiku kucha, mengine yalikuwa mazuri. Yote yalimkimbia.

"Nitafyeka," akasema. "Ndege haitui kwenye majani."

Shani akainamisha uso kuficha tabasamu, akaingia ndani. Mlango ukafungwa, injini ikaanza kunguruma, majani yakalala chini kwa upepo.

Kisha kila mtu akamtazama Gwamaka. Kwa kanuni ya Ishuke Salama, ndege hairuki bila bendera ya katibu. Nyekundu, ndege inabaki. Nyeupe, inaondoka. Na aliyeketi ndani ndiye mtu pekee katika bonde lote ambaye Gwamaka alitaka abaki.

Mzee Jilala akaja akasimama karibu naye, akaegemea fimbo. Gwamaka akatazama kiwanja kama alivyofundishwa, kushoto, kulia, mbele. Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na mbuzi. Alitafuta hata kuku, hakumwona.

Akainua nyeupe.

Ndege ikakimbia, ikapita juu ya kipande chake alichokishindilia jana baada ya ndege kuvutwa, uso ukiwa bado na tope, ikainuka bila kuyumba. Ikapanda juu ya mto, ikageuka kuelekea Mbeya.

"Ulikuwa na nyekundu mkono wa pili," Mzee Jilala akasema.

"Nilikuwa nayo, Mzee."

"Hm." Mzee akapigapiga ardhi kwa fimbo. "Kesho tunaanza kufyeka. Utanieleza habari za kuni."

Kabla Gwamaka hajajibu, ukasikika muungurumo mwingine. Huu ulitoka barabarani. Gari la wazi lilitokea kwenye kona, limejaa tope mpaka vioo, inaonekana lilipita mashambani kukwepa barabara iliyokatika. Nyuma walijaa akina mama wa mjini, wanapiga vigelegele, na mmoja wao ameshika mwavuli uliopambwa kwa utepe.

Likasimama mbele yao. Akashuka mwanamume mpole, suti ya kijivu, viatu vimepakwa rangi. Alikuwa Sadock.

"Shikamoo baba, mukwai," akasema, akiongeza neno la heshima la Wazambia, kama watu wa Tunduma waliozoea kuongea nao. "Samahani kwa kuchelewa. Nimekuja na shangazi zangu tumalize mambo. Bibi harusi yuko wapi?"

Mzee Jilala akamgeukia Gwamaka. Akarudi nyuma hatua moja, taratibu, mpaka kijana akabaki mbele peke yake.

"Mwenye bendera ni wewe," akamwambia. "Mweleze."

Gwamaka akaishusha bendera nyeupe. Nyuma yake akina mama wa Ishuke Salama walikuwa wote wameinua macho juu, kule kwenye kidoa cheusi kilichokuwa kinazama mawinguni. Sadock akawatazama. Kisha naye, polepole, akaanza kuinua kichwa.